Sura Iliyomshinda Persis

Persis Nyanchera alianza kusema kwa mikono kabla ya kusema kwa mdomo. Mama yake, Nyamusi, alikuwa kiziwi tangu utotoni, na shuleni hakupelekwa, kwa kuwa zamani zile hakuna aliyefikiri kwamba mtoto asiyesikia ana la kufanya darasani. Nyumbani kwao Suneka, baba na shangazi na majirani walizungumza Ekegusii kama watu wengine wote. Lakini jikoni na shambani, Persis na mama yake walikuwa na maneno yao ya vidole, nyusi na mabega. Mboga ya chinsaga ilikuwa vidole vitatu vinavyochuma hewani na uso kukunjwa kidogo kwa ajili ya uchungu wake. Sabato ilikuwa kiganja kinacholainisha kitambaa kichwani. Mtu mwongo alikuwa mtu anayejikuna kisigino.

Kaka zake wawili walijifunza maneno machache ya lazima: njoo, kula, nenda. Wakiwa na haja kubwa zaidi walimwita Persis, naye akawasemea. Hakuona kwamba anafanya kazi. Alidhani kila nyumba ina mtoto wake wa namna hiyo.

Alipokua alisomea ualimu, na huko chuoni akafundishwa Lugha ya Ishara ya Kenya, ile inayotumiwa shuleni na kwenye taarifa za televisheni. Aliipenda tangu somo la kwanza. Aliporudi nyumbani likizo, alisimama mbele ya mama yake na kumwonyesha, kwa fahari, jinsi viziwi waliosoma wanavyosema "mama". Nyamusi alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba, kisha akamgusa mkono na kumuuliza kwa ishara zao za siku zote kama amekula. Persis akacheka, akaketi, wakaendelea na lugha yao. Katika ile aliyosomea na hii ya jikoni hapakuwa na maneno mengi yaliyofanana.

Nyamusi alifariki Persis akiwa kazini, kwa ugonjwa wa presha ambao hata yeye mwenyewe hakuwa amejua anao. Mazishini watu walisema maneno mazuri. Mzee wa kanisa alisema huyu mama alikuwa kimya na mpole, na Persis akashangaa, maana mama yake alikuwa msemaji kuliko watu wote aliowahi kuwajua. Alisengenya, alitania, aliiga jinsi chifu anavyotembea. Pale kaburini Persis aliinua mikono akamuaga kwa ishara zao. Waombolezaji walimwangalia kwa huruma, na hakuna hata mmoja aliyejua amesema nini.

Tangu hapo mikono yake ilibaki bila mtu wa kuijibu. Mara nyingine, akiwa jikoni kwake peke yake, alijikuta anaiambia sufuria kwamba maziwa yanakaribia kumwagika, kwa ishara ya mama yake, ya bega kuruka. Mumewe alikuwa mtu mwema, na viziwi wa mjini Kisii walikuwa rafiki zake wa dhati. Kwa Lugha ya Ishara ya Kenya aliweza kuzungumza usiku na mchana. Kiu yake haikuwa ya mazungumzo. Alitamani mtu mmoja tu ambaye angekunja uso kidogo akitaja chinsaga.

Wakati huo alikuwa ameacha kufundisha na kuwa mkalimani. Alisimama mahakamani, hospitalini, harusini, na kila Sabato kanisani, akigeuza sauti kuwa ishara na ishara kuwa sauti. Chama cha wakalimani alichojiunga nacho kilikuwa kimeanzisha cheti cha kitaaluma, ili watu waliojifunza ishara kumi kwenye simu waache kusimama mbele ya hakimu na kumtia mtu matatani. Mtihani ulifanyika Kisii, na watahiniwa wengi wa Kisii na Nyamira walikuwa wanaanguka.

Mwenyekiti wa kamati ya watahini alikuwa Damaris, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mrefu anayesema polepole na asiyerudia neno. Alimwita Persis nyumbani kwake mjini, akampakulia chai, akamweleza kwamba amekaa na matokeo hayo na hayamwingii akilini. Baadhi ya walioanguka aliwajua kuwa wakalimani wazuri. Alihisi kwamba wanaangushwa na kutojua mtihani wenyewe. Palihitajika kitabu cha mwongozo wa watahiniwa, kinachoeleza yote kuanzia kujiandikisha hadi kukata rufaa, na alitaka Persis akiandike.

"Kwa nini mimi?" Persis aliuliza.

"Kwa sababu ulianza kazi hii kabla hujajua ina jina," Damaris alisema.

Persis aliianza kazi hiyo kwa bidii ya mwalimu. Alikusanya miongozo ya vyama vya nchi nyingine, akaisoma, akaandika rasimu yenye sura sita, lugha nzito, na maonyo mengi. Alipoikamilisha alimpa kijana aitwaye Ombui aisome. Ombui alikuwa mkalimani kutoka Magwagwa, upande wa Nyamira, ambaye zahanati za kwao zilimwita kila alipofika mgonjwa kiziwi. Alikuwa amefanya mtihani huo na kuanguka, na alikuwa anajiandaa kurudia. Walikutana katika darasa moja huko Nyakoe ambako watahiniwa walikuwa wakifanyia mazoezi Jumapili.

Ombui alisoma rasimu yote kwa heshima. Kisha akaifunga, akaiweka magotini na kutazama dirishani.

"Sema tu, baba," Persis alimwambia.

"Mwalimu, hapa nimeambiwa yote yaliyokatazwa," Ombui alisema. "Lakini sijaambiwa nikifika asubuhi nitakuta nini."

Akamsimulia siku yake ya mtihani. Alikuwa amevaa shati lake zuri la mistari, akaambiwa mlangoni kwamba mistari inachanganya macho ya anayetazama mikono, akaazimwa sweta iliyombana makwapani. Hakujua kwamba atarekodiwa kwenye video. Alipoona kamera alidhani amekosea chumba. Watahini walikaa nyuma ya meza bila kutikisa kichwa, na yeye, aliyezoea viziwi wa kijijini wanaoitikia kwa uso mzima, alisoma kimya chao kama hukumu. Katikati ya sehemu ya pili alikata tamaa, akamaliza ili mradi amalize. Baadaye alisikia kwamba hadi hapo alikuwa anafanya vizuri.

Persis alirudi nyumbani akaiweka rasimu ya kwanza kando. Akaanza upya, na safari hii aliandika akimwona Ombui amesimama mlangoni na shati la mistari. Aliandika kwamba uvae nguo ya rangi moja isiyokaribiana na ile ya ngozi yako, uvue bangili na pete, ukate kucha. Aliandika kwamba kuna kamera na iko upande gani. Aliandika: "Watahini hawatakuitikia. Wamekatazwa. Kimya chao si matokeo yako." Alieleza kwamba anayeanguka sehemu moja hurudia hiyo peke yake, na namna ya kuandika rufaa, na nani anaisoma. Aliandika hata kwamba usiingie bila kula kitu, kwa sababu mikono ya mwenye njaa hutetemeka. Kila sura aliipeleka Nyakoe, watahiniwa wakaisoma na kumuuliza maswali, naye akairekebisha mpaka maswali yakaisha.

Ikabaki sura ya nne.

Sehemu ya nne ya mtihani ilimkutanisha mtahiniwa na kiziwi ambaye hakusoma shule, anayetumia ishara za nyumbani kwao tu. Chama kilikuwa kimeiweka kwa sababu vijijini watu kama hao ni wengi, na ndio wanaoumia zaidi. Hakuna aliyefaa kuieleza kama Persis, na hakuna sura iliyomtoa jasho kama hiyo. Aliandika sentensi ya kwanza akaifuta. Akaandika nyingine, akaona anamweleza mama yake kana kwamba ni ugonjwa. Akanyanyuka kwenda kupanga vyombo vilivyokuwa vimekwisha kupangwa.

Damaris alipiga simu kuuliza, akaambiwa sura iko karibu. Akapiga tena, akaambiwa hivyohivyo. Mara ya tatu hakuuliza. Alisema tu kwamba mpiga chapa anasubiri.

Ombui ndiye aliyefungua njia bila kukusudia. Jumapili moja, baada ya mazoezi, alimweleza Persis habari ya mama mzee wa kwao Magwagwa, kiziwi, jina lake Bitutu. Zahanati ilimwita Ombui amkalimanie, na hakuambulia kitu. Ishara zake hazikufanana na chochote alichojua. Alikisia kwamba tumbo linamuuma, daktari akampa dawa ya tumbo, na baadaye ikagundulika kuwa shida ilikuwa macho. Ombui alisema jambo hilo linamnyima raha mpaka leo, na kwamba angependa Mwalimu amwone yule mama, labda apate mfano wa kuandika.

Walikwenda pamoja Jumapili iliyofuata. Nyumba ilikuwa juu ya mteremko, na chai imepandwa mpaka karibu na mlango. Mke wa mwana wa Bitutu, Cynthia, aliwapokea, akawaweka kwenye viti nje na kuwaletea chai na ndizi za kuchemsha. Alisema mama mkwe wake ni mtu mzuri lakini nyumbani hapo hakuna anayemwelewa vizuri tangu mumewe afariki. Wao wanajua ishara ya chakula, ya dawa na ya kulala. Siku nyingine mama husema jambo refu, anarudia na kurudia, kisha anaona hawaelewi, anaacha, anakwenda kukaa peke yake.

Bitutu alikuwa ameketi kwenye gunia kando ya nyumba, anapukuchua maharagwe. Alikuwa mwembamba, mwenye kilemba cha rangi ya kahawia, na nyusi yake ya kushoto ilikuwa imekatwa na kovu la zamani, ikawa vipande viwili.

Persis aliinama mbele yake na kumsalimu kwa Lugha ya Ishara ya Kenya. Bitutu akatikisa kichwa kwa adabu, macho tayari yamerudi kwenye maharagwe. Persis aliijua adabu hiyo. Aliikumbuka vizuri. Na bila kufikiri, kama mtu anayeitika jina lake usingizini, mikono yake ikafanya salamu ya jikoni Suneka: mgongo wa kiganja ukapanda kutoka kifuani hadi kidevuni, na kichwa kikainama upande.

Maharagwe yakamtoka Bitutu mkononi.

Alimshika Persis kifundo cha mkono, akamvuta karibu kwa sababu macho yake hayakuwa yanaona mbali, akamtazama usoni muda mrefu. Kisha akafanya ishara ambayo Persis hakuwahi kuiona: ncha ya kidole kidogo katikati ya meno mawili ya mbele. Akairudia. Akamnyooshea Persis kidole, akairudia tena, na nyusi zake zikauliza.

Persis alichelewa kuelewa. Mama yake alikuwa na mwanya katika meno ya mbele. Persis mwenyewe hakuurithi. Mtoto hamwiti mama yake kwa jina, kwa hiyo maisha yake yote alikuwa akimwita kwa kugusa kifua, na hakuwahi kujiuliza kama Nyamusi ana jina la mikono, wala nani alimpa. Sasa jina hilo lilikuwa mbele yake, katika mkono wa mtu mwingine.

Ndipo akatazama lile kovu, na jambo la pili likamjia. Mama yake alikuwa na desturi: jioni, akimaliza kazi, alisimama upande wa nyumba unaotazama milima ya Nyamira, akapitisha kidole gumba kwenye nyusi yake ya kushoto mara moja, kama anayeikata, kisha akaingia ndani. Persis alipokuwa mdogo aliuliza maana yake, na mama akapunga mkono kwamba ni mbali, ni zamani. Mtoto akaamua kwamba ni ishara ya mvua, kwa sababu mvua yao ilitoka upande huo.

Alipitisha kidole gumba kwenye nyusi yake ya kushoto. Bitutu akajipiga kifuani. Ni mimi. Kisha akageuka haraka kutazama lango, akauliza kwa mikono yote miwili yuko wapi, umekuja naye, mbona haingii.

Persis naye alijikuta anatazama langoni.

Kwa miaka aliyofanya kazi hiyo, alikuwa amewapelekea watu habari za vifo wodini na mahakamani, akijua kwamba maneno si yake, yeye ni daraja tu. Hapa hapakuwa na wa kumsemea. Ishara ya kufa waliyokuwa nayo yeye na mama yake ilikuwa kiganja kinachofunika kingine taratibu, kama kawa juu ya chungu. Aliifanya. Bitutu aliitazama mikono hiyo iliyofungwa, akaifungua kwa nguvu kwa mikono yake mwenyewe, akauliza upya. Persis akaifunga tena.

Cynthia na Ombui walikuwa wamesimama nyuma yao bila kujua kilichosemwa. Walichoona ni mama mzee akiegemeza paji la uso kwenye bega la mgeni, na mgeni akilia kwa sauti, mwenye kusikia kwa niaba ya asiyesikia. Cynthia alikwenda ndani na kuleta kitenge, akawafunika mabega wote wawili kwa sababu hakujua la kufanya.

Baadaye mwana wa Bitutu alirudi kutoka kituo cha kupimia majani ya chai, akawaeleza aliyowahi kusikia kwa bibi yake. Zamani, katika mteremko huo, palikuwa na wasichana wawili wasiosikia, wa nyumba za jirani. Walichunga ndama pamoja. Watu walikuwa wakiwaona ng'ambo ya bonde wakichezesha mikono siku nzima na kuanguka kwa kicheko, na walidhani ni wehu kidogo. Mmoja akaolewa mbali, upande wa Suneka; mwingine, Bitutu, akaolewa papo hapo jirani. Wakati huo kwenda Suneka kulikuwa safari, na wale wawili hawakujua kuandika, na simu hata ilipokuja isingewafaa kitu. Hawakuonana tena. Persis alijua tu kwamba mama yake alitoka upande wa Nyamira; kwenye mteremko huo hakuwahi kupelekwa.

Kwa hiyo lugha ambayo Persis aliilia kama urithi wake na mama yake ilikuwa imezaliwa hapa, kati ya ndama, kabla yeye hajazaliwa. Nyamusi aliibeba kwenda nayo ugenini, akakaa nayo bila mtu, mpaka akapata binti wa kumfundisha. Persis aliwaza juu ya hiyo miaka ya katikati, kabla binti hajaja na kabla binti hajakua. Aliwaza juu ya mama yake amesimama kando ya nyumba jioni, akilitaja jina moja kuielekea milima.

Aliandika sura ya nne juma hilohilo. Ikawa fupi kuliko zote. Ilisema kwamba mtu asiyesoma shule si mtu asiye na lugha. Ana lugha ambayo wewe huijui, na pengine mtu mwingine mahali fulani anaijua. Ilimwambia mtahiniwa aulize nani nyumbani humwelewa mtu huyo, akae kwanza na kutazama, amlete kiziwi mwenye ujuzi amsaidie. Na ilimalizia hivi: "Usipoelewa, sema hujaelewa, kwake na kwa daktari au hakimu. Hutapoteza alama kwa kusema hivyo. Utapoteza alama kwa kubuni."

Kamati ilipoisoma, mtahini mmoja alilalamika kwamba kitu kisicho na kamusi hakiwezi kupimwa. Damaris alimpigia Persis simu.

"Dada, hili tutalipimaje?"

"Mpimeni kama anajua mahali ujuzi wake unapoishia," Persis alisema.

Damaris akasema sura itabaki, ila wafute aya moja iliyokuwa imewazungumzia wasichana wawili na ndama, kwa sababu kitabu cha mwongozo si mahali pake. Persis alikubali. Alijua Damaris amesema kweli, na bado usiku huo aliisoma aya hiyo mara nyingine kabla ya kuifuta.

Kitabu kilichapwa mjini Kisii, na watahiniwa wakakipata pia kwenye simu zao. Mtihani uliofuata ulikuwa na watu waliovaa rangi moja na kula kabla ya kuingia. Wengine walianguka, kwa kuwa mwongozo hauwezi kumpa mtu mikono asiyo nayo, lakini walioanguka walijua kwa nini, na hilo Damaris alisema lilimpa usingizi. Ombui alifaulu. Katika sehemu ya nne aliinua mkono na kuwaambia watahini kwamba mzee aliyeketi mbele yake amesema jambo ambalo yeye hakulielewa, akaomba amuulize tena. Hawakutikisa kichwa, naye safari hii hakuogopa.

Baada ya muda mfupi hospitali moja ya Nairobi ilimwajiri. Alikuja nyumbani kwa Persis kuaga, na Persis akamchinjia kuku na kumwombea njia njema. Alifurahi kwa ajili yake, kwa moyo safi. Lakini Ombui alipokwisha ondoka, Persis aliwaza kwamba zahanati za Nyamira zimebaki tena bila mtu, na kwamba cheti alichosaidia watu kukipata kitawachukua wengine pia. Akaanza kutafuta vijana wa kule wa kuwafundisha.

Magwagwa aliendelea kwenda kila alipopata nafasi. Lugha ya Bitutu na yake hazikulingana kabisa; zilikuwa kama Ekegusii cha ndugu wawili, mmoja aliyekaa kijijini na mwingine aliyehamia mbali. Ishara nyingine Nyamusi alizizua akiwa Suneka, na Bitutu aliziomba moja baada ya nyingine na kuzicheka. Ya mwongo na kisigino ilikuwa ya kwao ya zamani. Ya sufuria na bega hakuwahi kuiona, akaifanya siku nzima. Persis alipotaja chinsaga, yule mama alikunja uso hata kabla vidole havijamaliza kuchuma.

Siku moja Persis alitoa simu yake yenye kamera. Alitaka kurekodi ishara zote, ziwekwe mahali, wakalimani wajao wazione. Alimweleza Bitutu kwa uangalifu. Bitutu aliigeuza ile simu mkononi, akaitazama kwa jicho lake lililo nafuu, akaielewa, akamrudishia. Alikataa. Alisema hizi ni zetu, mimi na yeye, na wewe kwa sababu ni wake. Persis alijaribu tena baada ya chai, kwa njia nyingine, na jibu likawa lilelile. Mtaalamu ndani yake alihuzunika sana. Lakini aliirudisha simu mkobani na hakuitoa tena pale.

Macho ya Bitutu yaliendelea kufifia. Safari hii daktari alielezwa sawasawa, na Persis ndiye aliyemkalimania. Jicho moja lilisafishwa, la pili lilikuwa limechelewa. Siku zenye mawingu Persis alimsogelea hadi magoti yao yagusane, akafanya ishara polepole karibu na uso wake, na pale pasipoonekana Bitutu alishika mikono ya Persis na kuifuata ikisema. Cynthia alikuwa ameanza kukaa nao, kitoto chake mapajani, akijifunza neno moja moja.

Bitutu hakuchoka kuuliza habari za Nyamusi. Aliuliza kama mume alikuwa mwema. Aliuliza kama walimpa shamba lake mwenyewe, kama kuna aliyecheka naye, kama alinenepa. Akijibiwa, alitulia kidogo akipanga maharagwe, halafu aliuliza tena yaleyale, kama mtu anayeomba kuongezwa chai. Persis aliyajibu yote. Mengi ya mwanzo hakuyaona kwa macho yake, aliambiwa na baba na shangazi, na sasa aliyasimulia kwa mikono kwa mara ya kwanza: jinsi bi harusi alivyofika Suneka mchana wa jua kali, jinsi wanawake walivyopiga vigelegele asivyovisikia, jinsi alivyotazama midomo yao yote ikifunguka pamoja, akatabasamu, na mwanya wake ukaonekana.